Bi. Kurogi na Maua ya Kuomba Radhi

Bi. Shizue Kurogi anastaafu Machi 31, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti hapa Kagoshima kwa miaka arobaini na mmoja. Katika miaka hiyo alichelewa kazini mara moja tu, siku volkano ilipomwaga majivu barabarani, na bado akaandika barua ya kuomba radhi kwa niaba ya mlima.

Kazi yake ilikuwa asagao, ua linalotambaa, ndugu wa kiazi kitamu, linalofunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya saa nne. Alianza kwa kuosha vyungu, akaishia kuwa mlezi wa Namba 218, ua letu maarufu ambalo, tuseme kweli, linafanana na soksi iliyotafunwa na mbwa. Watu hutoka Tokyo kuja kulitazama na kuguna. Shida ya soksi hii ni kwamba haizai mbegu hata moja. Uzao wake hupitia kwa ndugu zake wa kawaida, wenye maua ya buluu yasiyomshangaza mtu, ambao baadhi ya watoto wao huzaliwa wamechanika vizuri.

Hapa mwandishi ana jambo la kukiri. Miaka tisa iliyopita Bi. Kurogi alichukua likizo yake ya kwanza katika miaka mingi, siku moja tu, ili akang'olewe jino. Siku hiyohiyo mkurugenzi wetu wa wakati ule akatangaza kwamba wageni wa wizara wanakuja kesho, kwa hiyo yale maua ya buluu ya hovyohovyo yaondolewe, yabaki ya fahari. Aliyeshika mkasi ni mimi. Nilikata miche ya vyungu sitini na vinne, nikafagia, nikajiona mchapakazi kwelikweli.

Bi. Kurogi alirudi shavu limevimba, akasimama mlangoni mwa banda la vioo.

"Mmewakata wazazi," akasema, "mkambakiza bibi harusi."

Hakuuliza ni nani, na mimi sikujitaja. Mbegu za akiba zilikuwa zimeharibika friji ilipokufa mwaka uliotangulia. Uzao uliotunzwa miaka themanini ulikuwa unaishia mikononi mwetu. Ndipo Bi. Kurogi, masikio yamemwiva kwa aibu, akatoboa siri: kila majira ya joto huchukua miche ya ziada ya ua la kawaida, kinyume cha kanuni, na kuwapelekea watu aliowakosea.

Na Bi. Kurogi huamini amewakosea wote. Kinyozi alipata chungu kwa sababu mama huyu alipiga chafya mbele ya duka lake. Polisi wa kibanda cha njia panda alipata viwili, kwa kosa la baiskeli. Basi tukazunguka mji kuomba turudishiwe radhi zetu, na kwa kuwa kumwendea mtu mikono mitupu ni aibu, tulibeba keki za viazi vitamu, za kuomba radhi kwa kuchukua radhi. Polisi alituweka nusu saa. Alitaka kujua kama akirudisha vyungu, kosa la baiskeli linafufuka. Bi. Kurogi akamwinamia, akamwambia lifufuke tu.

Tulirudi na vyungu tisa. Mwaka uliofuata tukapanda mbegu zake, na asubuhi moja ya Julai, soksi tatu zilifunguka. Bi. Kurogi alilia, kisha akaomba radhi kwa kulia. Hata mkurugenzi alipelekewa chungu.

Wiki hii kila mmoja wetu amekuta bahasha mezani: mbegu nne za ua la kawaida, na maneno "Samahani kwa usumbufu wa miaka arobaini na mmoja." Usumbufu gani, mama? Radhi hiyo hatuipokei, ila mbegu haturudishi.

Bahasha yangu ilikuwa na mstari mmoja zaidi: "Hizi zikiota, usizikate."

Kumbe alijua miaka yote tisa. Asante, Bi. Kurogi, na nisamehe. Kapumzike kwa raha na afya, ulale hadi saa nne ukitaka. Zangu nitazipanda Mei, na mkasi nimemkabidhi mwenzangu.

Nagayoshi, Chumba cha Mbegu