Majina Ukutani kwa Dada Keziah

Marehemu Keziah Kendi alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, Nkubu, Meru, kifungua mimba katika familia ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, Lynette, ninayewasomea wasifu huu. Alisoma huko huko Nkubu, kisha akasomea uuguzi, na kote aliongoza darasa. Mimi nilirithi sare zake na walimu wake, ambao hawakuchoka kunikumbusha nilikuwa mdogo wa nani.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Alfred, wakajaliwa mtoto mmoja, Lenny. Huku Minnesota, Marekani, nilitangulia mimi, 1996. Yeye alifika 1998, akahudumu hospitalini Saint Paul kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwaka 2003 walinunua nyumba iliyojengwa 1886, ngazi zinalia, madirisha yanapitisha baridi. Mimi nilikuwa na nyumba mpya Maple Grove, vyumba vitano. Lakini kila mgeni kutoka nyumbani alilala kwanza kwa Keziah, na asubuhi Keziah alimwandika jina na tarehe kwa penseli kwenye ukuta wa jikoni. Kaunti ya huku ilipotangaza kwamba wakazi wake wameongezeka, kanisani walisema hiyo ni kazi ya Keziah. Niliona wivu, sifichi. Siku moja niliwahi uwanja wa ndege, nikamchukua mgeni nikamleta kwangu. Kesho yake akaniuliza kwa adabu, "Auntie, utanipeleka kwa Mama Lenny lini?"

Watu wa kuhifadhi nyumba za kihistoria walimwahidi kibao cha heshima mlangoni iwapo ukuta ule ungerudishiwa rangi yake ya zamani. Alikataa. "Mimi siwezi ku-paint juu ya watu wangu," akawaambia.

Nilimuuliza mbona jina langu halimo. Akacheka. "Lynette, wewe hujawahi kulala hapa. Ukishakula tu, una-drive kurudi kwa nyumba yako kubwa."

Oktoba 2024 alipatikana na kansa ya kongosho. Tarehe 3 Januari nilihamia kwake kumuuguza. Siku za kwanza bado alijikokota hadi jikoni akishika ukuta. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 14 Januari 2025, nyumbani kwake.

Ameacha mume, Alfred, mwana, Lenny, mdogo wake, mimi, na majina sitini na manne ukutani. Juzi niliyahesabu. La mwisho, kwa mwandiko wa kutetemeka, ni langu: Lynette, 4 Januari.

Nilitaka liwe la kwanza.

Mungu ampumzishe dada yangu kwa amani. Na chakula, kama kawaida, ni kwake.