Ya Kula au ya Kupanda: Maisha ya Mama Bathsheba Nyamusi wa Kosele

Wachungaji na wazee wa kanisa, chifu wetu, wakwe zetu, majirani wa Kosele, na nyinyi mliotoka Awendo alfajiri na mapema, familia imemtuma Ogeto huyu anayesimama mbele yenu, mdogo wake Mzee Machuki mume wa marehemu, awasomee maisha ya shemeji yake, na ameonywa vikali asitie chumvi, onyo ambalo ni la bure, kwa maana mama huyu alikuwa amekolea tangu zamani.

Marehemu Mama Bathsheba Nyamusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, upande wa Kisii, karibu na mpaka wa Kasipul, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mochama na hayati Mama Mellen, akaingia darasa la kwanza mwaka wa 1969, akamaliza la saba mwaka wa 1975 na kufaulu vizuri, ila zamu ya karo ilikuwa ya kaka zake, naye akarudi shambani bila kununa, jambo ambalo mama yake alilisimulia hadi uzeeni kwa mshangao.

Mwaka wa 1979 alikwenda Awendo kwa shangazi yake, akaanza kuwauzia uji madereva wa malori ya miwa, na hapo ndipo watu walipomwona alivyo, kwa sababu alijua kwa kichwa ni nani anataka mzito, ni nani anataka wa ndimu, na ni nani ameamka na hasira asisemeshwe mpaka amalize kikombe cha kwanza. Mmoja wa waliokuwa wakiamka na hasira alikuwa fundi wa matrekta aitwaye Machuki Bogonko, ambaye alikunywa uji huo kwa miaka miwili kabla ya kupata ujasiri wa kusema neno lingine zaidi ya "ongeza", wakafunga ndoa kanisani Awendo Jumapili tarehe 13 Desemba 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu, Dorah mwaka wa 1983, Mogire mwaka wa 1986, na Caleb mwaka wa 1990.

Sasa, kitu kimoja kilimkera marehemu kwa miaka yote ya uji, nacho ni unga wa kusagiwa ovyo, wenye chenga na mchanga, akawa anaulalamikia asubuhi na jioni, hata Mzee Machuki, ili apate usingizi, akaunganisha injini kuukuu ya dizeli na kinu alichokitengeneza upya, na mwezi wa Agosti 1993 wakahamia hapa Kosele na kufungua mashine ya kusaga. Alikuwa mgeni kati ya Waluo, hana ukoo hapa wala shamba, ana jina lake tu, na jina lenyewe wakambatiza upya, wakamwita Nyar Kisii, binti wa Kisii.

Aliipenda kazi ile, jamani, hilo lazima lisemwe wazi, aliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Kila mteja akishasagiwa, aliukung'uta kwa fimbo ule mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomoni mwa mashine, mpaka vumbi la mwisho la unga liingie kwenye debe la mwenyewe, hata kama aliyekuja ni ajuza mwenye gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, na nyuma yake foleni imefika barabarani, na yeye mwenyewe akitoka mle ndani alikuwa mweupe kope na nyusi. Ijumaa jua likikaribia kutua alizima injini kuipokea Sabato, awepo nani asiwepo nani, na watu wakajifunza kuja Alhamisi.

Jambo alilolichukia kuliko yote ni mteja kungojeshwa, na hapo ndipo palipomponza. Jumatano tarehe 5 Machi 1997, Mama Linet Adoyo, ambaye tunaye hapa leo, alimwachia magunia mawili akakimbilia matanga ya jirani, akamwambia moja ni la kusaga na jingine aliweke pakavu, lakini injini ilikuwa inanguruma, na marehemu akasikia nusu tu ya maneno, akaitikia kwa furaha, kisha kwa ile bidii yake ya kutaka mteja akirudi akute kila kitu tayari, akayasaga yote mawili, laini, safi, bila chenga hata moja.

Gunia la pili lilikuwa mbegu, na si mbegu ya dukani, bali mahindi meupe ya kienyeji aliyoyarithi Mama Linet kwa mama mkwe wake. Wenyeji wanajua uzito wa jambo hili, na wageni waelewe kwamba kwa desturi ya hapa, mikayi, yaani mke wa kwanza wa boma, ndiye anayetangulia kupanda, na asipopanda yeye, wakaza-wana wake hawatii mbegu ardhini, na Mama Linet alikuwa na wakaza-wana watano, na mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili. Mama Linet hakumtukana, alitia mkono kwenye ule unga, akasema kwamba hapa hapajasagwa mahindi, wamesagwa watu wa nyumba yake, akaondoka.

Habari ilifika sokoni kabla ya jioni, foleni ikahamia kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara, na Mzee Machuki, kwa kukiri kwake mwenyewe, alishauri wanunue mbegu ya dukani Oyugis, waombe radhi, na ikishindikana wafunge virago warudi Awendo. Marehemu alikataa katakata, akasema mbegu ya nyumba hailipwi kwa mbegu ya duka, akafunga mashine, akaomba ruhusa amwone tena Mama Linet, akamuuliza jambo moja tu, kwamba kwa miaka yote hiyo amewahi kumgawia nani mbegu yake.

Alhamisi na Ijumaa alitembea kwa miguu boma hadi boma, kwa wote aliotajiwa, kwa mabinti walioolewa, kwa mashemeji, kwa marafiki wa kanisa, akieleza kosa lake mwenyewe kila mlango bila kulipunguza, akiomba gorogoro mbili hapa, tatu pale, za ile mbegu nyeupe ya Mama Linet. Sabato alipumzika, huku mvua ikinyesha, na alikuwa akisema hiyo ndiyo Sabato iliyokuwa ndefu kuliko zote maishani mwake. Jumapili akamalizia Oyugis, na Jumatatu asubuhi akaweka gunia miguuni pa Mama Linet, limejaa, lile lile, punje zimechaguliwa moja moja, na miguu yake imevimba. Mama Linet alipanda siku hiyo hiyo, wakaza-wana wakapanda kesho yake, na kufikia Ijumaa foleni ilikuwa imerudi, ikiwa ndefu kuliko mwanzo. Sisi tulibaki vinywa wazi, na kusema kweli hatujavifunga hadi leo.

Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na minane, hakumimina gunia lolote kabla ya kuzima kelele, kutia mkono ndani na kumuuliza mwenyewe, "Hii ni ya kula au ya kupanda?" Hata mchungaji aliulizwa. Vijana wa soko walimtania kwa swali hilo, naye alicheka pamoja nao, kisha akauliza tena.

Mwaka wa 2016 alipatikana na kisukari, mwaka wa 2023 figo zikaanza kulegea, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki huko Homa Bay, na akirudi alipitia kinuni kwanza kabla ya nyumbani. Alituacha Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, jua likikaribia kutua, saa ile ile aliyozoea kuzima injini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliochota maji na kupasua kuni, chama chake cha akina mama, na mwenye mashine ya ng'ambo, mshindani wake wa miaka mingi, ambaye amefunga kazi siku tatu kwa heshima yake.

Jana Mama Linet, akiwa na miaka themanini na minne, alifika kinuni na magunia mawili ya mahindi meupe, uzao wa yale yaliyokusanywa mwaka ule, na Dorah, anayeendesha mashine sasa, akazima injini, akatia mkono, akauliza kama mama yake. Mama Linet alilia kwanza, kisha akajibu kwamba moja ni la kula na jingine ni la kupanda. La kula ndilo ugali wenu baada ya mazishi. La kupanda ni lile mnaloliona kando ya jeneza, na kila nyumba iliyowahi kusagiwa na Bathsheba itoke na kiganja kimoja, ingojee mvua za vuli, na asiyekuja na mfuko avue kofia.

Mama Dorah, Nyar Kisii, injini imezimwa na mfuko umekung'utwa, pumzika sasa kwa amani, na kwa vile usingekubali tukushushe kaburini bila kutuuliza swali lako, sisi tunakujibu mbele ya watu wote kwamba hii ni ya kupanda.