Ijumaa za Bi Tzipora

Alhamisi hii, siku nne kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi, Bi Tzipora Abergel anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Yerusalemu kwa miaka ishirini na tisa. Mabinti wanaotujia kutoka ng'ambo kwa mwaka mmoja, wakishamaliza sekondari, husoma Torati asubuhi na kujitolea mchana. Masomo tuliwapa sisi walimu. Kazi ya kujitolea ilikuwa mikononi mwake.

Aliajiriwa kuwa mpishi wa miezi mitatu. Miezi ikaisha, hakuna aliyekumbuka kumwondoa, naye hakutukumbusha. Kila Ijumaa alibeba supu iliyobaki akawapelekea wazee wa mtaa wa Katamon, na wasichana waliokuja kusoma wakajikuta wanashika sufuria. Mimi, mwalimu wa Talmudi, vitabu vya sheria zetu, sikupendezwa hata kidogo. Ijumaa asubuhi ilikuwa yangu, akaninyang'anya nusu yake.

Mengi atayasema mwingine. Mimi nitaeleza moja, la miaka kumi na moja iliyopita.

Kabla ya Pasaka mabinti wetu huenda kuwasafishia wazee nyumba na kuondoa kila chembe ya chachu. Mwaka ule Dalya Kaplan wa Johannesburg, msichana hodari na mwenye haraka, alipelekwa kwa Mzee Ervin Schlesinger, aliyefiwa na mkewe. Kwenye friza Dalya akakuta mkate wa Sabato ndani ya mfuko, umeganda barafu. Akautia kwenye fungu la chachu ya kuchomwa, na asubuhi ukachomwa. Hakuuliza.

Ulikuwa mkate wa mwisho aliousuka Magda, mke wa mzee, wiki aliyokufa, miaka sita nyuma. Kila Pasaka mzee aliuuza pamoja na chachu yake nyingine kwa mtu asiye Myahudi, kwa mkono wa rabi wake, kama sheria inavyoruhusu, na sikukuu ikiisha ukawa wake tena. Mvivu hawezi kufanya kosa kama la Dalya. Linamhitaji mcha Mungu mwenye bidii.

Mzee alipiga simu ofisini, akasema, “Msichana wenu amenichomea mke wangu,” akakata.

Dalya alilia siku mbili, akafunga sanduku. Katika kikao cha chuo nilisema aende zake. “Watoto wa watu wamekuja kujifunza Torati, sasa wanabomoa nyumba za wazee.”

Bi Tzipora alinitazama. “Rabi, akiondoka leo atakuwa amejifunza nini? Kwamba ukimuumiza mtu unapanda ndege?”

Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka alimshika Dalya mkono, wakapanda hadi ghorofa ya tatu, wakabisha. Mlango haukufunguliwa. Wakakaa kwenye ngazi saa nzima, wakaacha supu, wakaondoka. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ya tatu Dalya akauliza, “Bi Tzipora, huoni kwamba hataki kutusamehe?”

“Hatukuja kusamehewa. Tumekuja kwa sababu ni Ijumaa na mzee huyu hana mtu. Haya, fungua kitabu usome sura ya Torati ya wiki hii, tusipoteze muda.”

Ijumaa ya tano niliwafuata. Mfukoni nilikuwa na barua ya kumrudisha Dalya kwao, niliyoiandika mwenyewe na mkuu wa chuo akaitia saini. Bi Tzipora hakuambiwa. Nilipofika ghorofa ya pili nikamsikia Dalya anasoma hesabu ya makabila jangwani, kabila baada ya kabila, mbiombio, mpaka akaruka mstari.

“Umemwacha Simeoni!” Sauti ilitoka nyuma ya mlango.

Mzee Ervin alikuwa msomaji wa Torati katika sinagogi lake kwa miaka arobaini, na kwetu anayesikia Torati ikisomwa vibaya hawezi kunyamaza, hata awe na hasira gani. Dalya akaurudia mstari ule, akasoma tena.

“Polepole. Nani anakukimbiza?”

Akasoma polepole. Kisha kitasa kikalia.

“Ingia ndani, binti. Mimi mzee, huku sikusikii vizuri.”

Nilishuka ngazi na barua yangu.

Dalya alimsomea kila Ijumaa hadi mwaka wake ukaisha. Mzee hakuusahau ule mkate, na hakuficha kwamba unamuuma. Alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa baridi. Tangu hapo kila binti anayekwenda kusafisha huambiwa na Bi Tzipora kwamba kuuliza si ujinga.

Bi Tzipora, kila mwezi wa Elul, mwezi huu wa mwisho wa mwaka wetu, nawafundisha mabinti kwamba Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amwendee mwenyewe kumwomba radhi. Nimelifundisha somo hilo kila mwaka tangu wakati ule huku nikikuficha ile barua. Nilitaka kumwondoa mwanafunzi wako bila wewe kujua. Sasa umejua, mbele ya wenzetu wote, na naona aibu.

Wenzako wote tunakushukuru, na tunakuombea mwaka mwema, afya, na miaka mingi ya raha pamoja na wajukuu. Nami Ijumaa nitakuja kubisha kwako. Usipofungua nitaelewa, na Ijumaa ya pili nitarudi.