Basi Linaloaga Wanaopanda

"Kwaherini," sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ilituambia tulipopanda basi. Imeniaga hivyo kila asubuhi kwa miaka, nami nikadhani ni kejeli ya kampuni.

Kumbe mafundi wa programu ya sauti hiyo, dada mmoja na kaka mmoja, walikuwa wameketi mbele yangu. "Tuligundua kosa siku ya mwisho ya kazi," dada alikumbuka akicheka. "Bosi akasema tusiguse kitu, tusije tukaharibu na milango."

"Kesho tunaweka mfumo mpya," kaka alisema. "Sauti ya mashine, haikosei."

"Na hii ya marehemu bosi unaipeleka wapi? Umesahau alivyojifungia kabatini kuirekodi, kelele zisiingie?"

"Dada, abiria wanaagwa wakipanda!"

Basi likasimama, milango ikafunguka. "Karibuni," marehemu akatuambia.

"Asante, mama," kaka akaitikia, akashuka.