Pasipoti Saba za Bwana Thuwein

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Bwana Thuwein: tajiri wa mafuta, mfadhili, mfugaji wa farasi wa mbio. Amefariki Jumanne hapa Dubai. Familia imeniomba nimseme kwa wema. Nitajitahidi.

Alianzia mtaa wa Naif, akiwauzia wafanyabiashara wa Mombasa na Dar mapipa ya oili ya injini. Akapanda, akafika kuuza dizeli kwa meli nzima nzima. Alipotajirika, akawa mfadhili. Kila Ramadhani aligawa maboksi ya futari pale Al Baraha, na kila boksi lilikuwa na picha yake. Mwaka mmoja kamera ikazimika. Tukaambiwa turudishe maboksi, tupange foleni upya. Na tumefunga, wasikilizaji! Nami nilirudisha langu.

Kisha wakaja farasi. Walilala kwenye kiyoyozi. Kila farasi alikuwa na pasipoti yake. Ndiyo, farasi wa mbio wana pasipoti, maana husafirishwa kwa ndege. Zilikaa mezani ofisini, tayari kwa safari. Mtunza farasi, Kasian wa Mbinga, naye alikuwa na pasipoti. Ya Kasian ilifungiwa kwenye droo ya tajiri.

Mwezi Machi mama yake Kasian, Bibi Yuliana, aliugua sana. Kasian akaomba ruhusa.

"Arbab, bosi wangu, naomba nikamwone mama."

"Ngoja yule farasi jike azae kwanza. Amekuzoea wewe. Khalas."

Jike akazaa siku ya kumi na moja tangu Kasian aombe ruhusa. Bibi Yuliana alikuwa amezikwa siku ya tisa.

Mnajua tajiri alifanya nini? Yule mtoto wa farasi akampa jina Yuliana. Eti kumuenzi marehemu. Akaita mpiga picha. Kasian akaamriwa ashike kamba na atabasamu. Pasipoti ikabaki kwenye droo. Nimetafuta neno la staha kwa mtu wa namna hii, sikulipata.

Binti wa tajiri, Ashwaq, aliifungua droo ile baada ya mazishi.

"Nilikuta pasipoti saba za watu," aliniambia. "Nampenda baba yangu, lakini wallahi niliona haya."

Kasian ameondoka jana. Anakwenda kuliona kaburi la mama yake.

Bi Ashwaq na familia, poleni sana kwa msiba. Mola amrehemu marehemu. Mola ana subira kunishinda mimi. Na wewe unayenisikiliza sebuleni, huku dada wa kazi anakupikia, pasipoti yake iko wapi? Usinijibu mimi. Sasa tunanyamaza dakika moja kumkumbuka Bwana Thuwein. Dakika moja inatosha kufungua droo.