Mfuniko wa Sufuria na Miaka Thelathini na Nne ya Verlin Stukenholtz

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Verlin Stukenholtz, dereva wa lori la vifaa vya timu yetu ya mpira wa Kimarekani, atakabidhi funguo baada ya kukitumikia Chuo cha Harlow kwa miaka thelathini na nne kasoro mwezi mmoja. Nimeombwa niandike habari zake kwenye jarida la wafanyakazi kwa sababu mimi ndiye ninayefua jezi anazobeba, na nadhani pia kwa sababu wengine wote walikataa. Shule sikufika mbali. Mkiona kosa mnisamehe, au mnyamaze.

Verlin aliajiriwa Agosti mosi 1991, akiwa bado na nywele. Kabla ya hapo alikuwa anasafirisha nguruwe. Kwenye usaili aliulizwa ana uzoefu gani wa kubeba mizigo ya vijana wa chuo, akajibu kwamba nguruwe walau hawasahau viatu. Akapewa kazi siku hiyohiyo.

Enzi hizo ligi yetu ilikuwa ya majirani. Timu nane tu, na ya mbali kuliko zote ilikuwa mwendo wa saa nne. Verlin aliondoka Ijumaa baada ya kifungua kinywa na Jumapili alikuwa kanisani, amelala kwenye benchi la nyuma kama kawaida yake. Mimi sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Nilimfungia mkate wa nyama mmoja na tufaha, basi.

Jirani wa karibu zaidi walikuwa Beecher, maili thelathini na nane kusini. Timu yao inaitwa Kambare, yetu Kware, na tulikutana kila Jumamosi ya tatu ya Novemba tangu babu zetu. Tuligombea sufuria ya chuma, nyeusi, yenye miguu mitatu. Aliyeshindwa alipika maharage na paja la nguruwe ndani ya sufuria hiyo, akaikabidhi ikiwa ya moto, na dereva wa washindi akaipeleka kwao juu ya kiti cha abiria, imefungwa mkanda. Verlin aliibeba mara kumi na saba. Aliiendesha polepole kuliko alivyowahi kumwendesha mkewe akiwa mjamzito, na hilo amelisema mkewe mwenyewe.

Halafu televisheni ikatupenda.

Mwaka 2018 Bwana Halvorsen, mkuu wa idara ya michezo, alituita wote ukumbini akatuambia tunahamia Ligi ya Pasifiki. Yeyote mwenye ramani anajua kwamba kutoka Harlow unaona mahindi pande zote nne, na bahari huioni hata ukipanda juu ya ghala la nafaka. Lakini ligi hiyo ingetuletea dola milioni thelathini na nane kila mwaka. Nikauliza kutoka nyuma, kwa nia njema tu, lori litafikaje huko. Bwana Halvorsen akacheka kwa upole. "Mama Kucera, pesa ya televisheni haijui umbali."

"Lori linaujua," Verlin akasema.

Sitadanganya, pesa zilionekana. Wachezaji walijengewa maporomoko ya maji ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, sijui kwa ajili gani, maana mabafu yapo. Mimi nililetewa mashine mpya za kufulia zinazoimba zikimaliza kazi. Verlin alibandikiwa nembo mpya ubavuni mwa lori, na njia iliyokuwa ya saa nne ikawa ya siku tatu. Nikaanza kumfungia mikate sita, supu kwenye chupa, soksi za akiba na blanketi. Alisema haendi vitani. Nikamwambia asinibishie, theluji ya milimani haimjui mtu.

Katika msimu huohuo wa kwanza ndipo ilipotokea safari ambayo Beecher wanaisimulia mpaka leo. Ilikuwa wiki ya Jumamosi ya tatu ya Novemba, na timu ilikuwa inacheza huko pwani, maili elfu moja na mia saba. Alhamisi asubuhi tukapakia helmeti, kinga za mabega, jezi, kila kitu. Verlin akawasha lori, akakata kushoto, akashuka kusini. Hakuna aliyemzuia. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni nikampungia mkono, nikamwambia amsalimie Doreen, mpishi wa Beecher. Wiki ya tatu ya Novemba lori linaenda Beecher, nani aanze kuuliza?

Na Beecher nao ni hivyohivyo. Lowell Pfannenstiel, bawabu wao, aliliona lori akafungua geti na kuinua mkono kama alivyofanya miaka yote. Vijana wao wakasaidia kushusha. Doreen alikuwa keshaloweka maharage. Walikuwa wameshapanga helmeti sabini na nne kwenye nyasi ndipo Lowell alipokuna kichwa.

"Verlin, hivi nyinyi si mlihama?"

Verlin akazitazama helmeti. "Tulihama."

"Basi hapa umekuja kufanya nini, bwana?"

"Na wewe geti umenifungulia kwa nini?"

Alipakia upya, akageuza, akafika pwani dakika arobaini kabla ya mchezo. Tulifungwa vibaya sana. Mwandishi mmoja wa habari alimuuliza kama kuchelewa kwa lori ndiko kulikotuponza, Verlin akamwambia helmeti zote zilifika, tatizo lilikuwa vilivyomo ndani yake.

Sasa hapa lazima niseme jambo linalonihusu, na limeninyima raha miaka saba. Mchezo wa mwisho na Beecher, ule wa 2017, tulishindwa, na sufuria ikaenda kwao. Mfuniko haukwenda. Asubuhi ya siku ile nilimpa Verlin kipande cha pai ya tufaha bila sahani, yeye akatumia mfuniko wa sufuria kama sahani, akausahau chini ya kiti. Sufuria ikaenda Beecher imefunikwa kwa taulo. Taulo lenyewe ni langu, na sijarudishiwa.

Mtu atasema, si mngeupeleka tu? Hapana. Sufuria na vyake havisogei ila kwa ushindi, ndivyo ilivyo tangu zamani. Kupeleka mfuniko mkononi ni kushindwa mara ya pili bila kucheza. Na Beecher kuja kuuomba ni aibu kwao. Basi mfuniko ukakaa chini ya kiti cha Verlin misimu saba, ukaenda Pasifiki na kurudi mara nyingi kuliko baadhi ya wachezaji. Akikata kona kali unalia kule chini. Alisema unamnung'unikia.

Kila mwaka Verlin alipanda ngazi kwenda kwa Bwana Halvorsen kuomba mchezo mmoja na Beecher. Kila mwaka aliambiwa nafasi zimejaa, Jumamosi zote zimeuzwa.

Machi mwaka huu ikatangazwa kwamba tunahama tena. Safari hii ni Ligi ya Atlantiki, bahari ya upande wa pili, kwa pesa zaidi. Nilikuwa nataka kulia, lakini Verlin aliingia chumba cha kufulia anakimbia, goti bovu na yote, na gazeti mkononi. Beecher nao wamealikwa ligi hiyohiyo. Maili thelathini na nane tu kati yetu, na sasa tumekutana tena, kwenye bahari ya watu wengine. Alinikumbatia mimi, akaikumbatia na mashine. Mashine ikaimba.

Siku tisa baadaye ikatoka ratiba. Ligi ina timu ishirini na mbili, na wanakutana kwa zamu. Harlow na Beecher watacheza mara ya kwanza Novemba 2036.

Verlin alikaa juu ya kapu la jezi chafu, mfuniko mapajani. "Nitakuwa na miaka sabini na minane, Marlys."

Nikamwambia watu wanafika.

"Wanafika, lakini hawaendeshi lori." Akaufuta mfuniko kwa mkono wa shati. "Wanataka kuniaga kwa keki na saa ya ukutani. Sitaki saa. Nataka huu ukae juu ya sufuria yake, na sufuria ipande kwenye kiti changu mara moja tu, kabla sijatoa funguo."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia simu Doreen, nikamweleza na habari ya pai pia.

"Kumbe ni wewe," Doreen akasema. "Miaka saba ninafunika maharage kwa trei ya kuokea, kumbe ni wewe mama."

"Na taulo langu liko wapi?"

"Usibadilishe mazungumzo." Kisha akauliza, "Mkataba wenu unasema timu zisicheze bila ruhusa ya televisheni, si ndiyo? Unasema chochote kuhusu wapishi?"

Haukusema. Wala kuhusu wafua nguo, wapaka chokaa uwanjani, madereva na mabawabu. Bwana Halvorsen aliusoma mara mbili, akavua miwani, akasema yeye hajatusikia, na Jumamosi tuliyochagua atakuwa anakata nyasi nyumbani kwake.

Basi tarehe 17 Mei tulikutana kwenye malisho karibu na ghala la nafaka, nusu ya njia, maili kumi na tisa kila upande ili pasiwe na mgeni. Saba kwa saba. Hakuna kuangushana, ukiguswa kwa mikono miwili umekamatwa, maana kwa umri wetu kuangushwa ni habari ya hospitali. Nilibeba bandeji, barafu, dawa ya kuchua, na maharage yangu ya akiba iwapo ya Doreen yangeungua. Ng'ombe wawili walikataa kuondoka uwanjani, tukakubaliana kwamba ukijificha nyuma ya ng'ombe si halali.

Sitaeleza mchezo wote. Yule mpaka chokaa wetu alitupa mpira vizuri na mimi niliudaka mara moja, macho nimefumba. Doreen aliwapita watu wanne akiwa na aproni. Ikafika kumi na mbili kwa kumi na mbili, na sote tulikuwa tunapumua kama mbwa kwenye joto la Agosti. Tukakubaliana mtupo mmoja wa mwisho kwetu. Tukikosa, mfuniko unakwenda Beecher na Verlin anarudi nyumbani na kiti kitupu.

Verlin tulikuwa tumemweka pembeni kwa ajili ya goti. Tulimwambia asimame tu. Mpira ukampata palepale alipo, kifuani, akaushika kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga, akaanza kuchechemea kwenda mstari wa mwisho, wenye pointi sita. Doreen akamkimbilia huku akimwonya, "Polepole mzee, utaumia, polepole." Mbele yake alibaki mtu mmoja tu, Lowell, bawabu, mwili mzima kama mlango wa stoo.

Lowell alimwona Verlin anakuja. Akasogea pembeni, akainua mkono.

"Pita, mzee," akasema.

Verlin akapita.

Doreen akajishika kiuno. "Lowell, wewe umefanya nini?"

Lowell alikuwa anautazama mkono wake, bado uko juu. "Nimemfungulia geti tangu tisini na moja. Mkono umejiendea wenyewe."

Kumi na nane kwa kumi na mbili. Beecher hawakubisha, ila Lowell ndiye aliyetumwa kukoroga maharage, na alikoroga mpaka yakaiva. Doreen akaichukua sufuria ikitoa mvuke. Verlin akaenda kwenye lori, akatoa mfuniko, akauweka juu yake. Ukakaa kwa sauti moja ndogo. Akaubonyeza kidogo kwa kidole, kana kwamba ungeweza kutoroka, kisha akawa na shughuli nyingi sana na mkanda wa kiti, na sisi tukatazama ng'ombe.

Mimi nilimfuata nyuma kwa gari langu kwa sababu ya goti. Kwenye njia panda, Harlow ni kulia. Verlin akakata kushoto na kushika barabara ya magharibi. Nikapiga honi. Akanipungia mkono. Nikapiga tena, nikawasha taa, akawasha na yeye zake kwa furaha. Tulikwenda hivyo maili kumi na moja mpaka alipoingia kituo cha mafuta, nami nikashuka nikigonga kioo.

"Verlin, unaenda wapi?"

Akaangalia barabara. Akaangalia sufuria. "Inaelekea nilikuwa nakwenda Pasifiki."

Nikamwambia maharage yatakuwa yamepoa, tumeyaharibu. Akafungua mlango wa abiria, akainua mfuniko kidogo, na mvuke ukatoka ukampata usoni.

"Bado ya moto," akasema. "Ina mfuniko."

Verlin, kwa niaba ya kila mfanyakazi wa Harlow tunakushukuru kwa helmeti zote zilizofika, hata zile zilizopitia Beecher. Sufuria iko chumba cha kufulia, kwenye rafu juu ya mashine, na mfuniko wake uko juu yake. Kuanzia Julai mosi hakuna ligi yoyote inayoweza kukuhamisha, kwa hiyo kaa na mkeo, lala kanisani unavyotaka, na goti ulipeleke kwa daktari kama nilivyokuambia tangu Krismasi. Tunakuombea siku nyingi za afya na njia fupi. Novemba 2036 tutakuja kukuchukua, tukufunge mkanda, ukae karibu na sufuria. Ukitoka kwenye keki tarehe 30 Juni, nyumbani kwako ni kulia.

Marlys Kucera, Chumba cha Kufulia