Historia ya Mzee Mita, Aliyenyimwa Viatu Vyake

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji na nyote mlioacha shughuli zenu, nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa tumbo moja niliyebaki, na mnivumilie, maana mnanijua, mdomo wangu hauna kufuli, na leo nimeombwa nisiutafutie.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mita, alizaliwa tarehe 3 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza kutembea akiwa na miezi tisa, na mama yetu alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakumwona ametulia kitako isipokuwa wakati wa kula.

Alianza shule Januari 1955 na kumaliza Desemba 1964. Katika mpira hakuwa na lake, macho yake hayakuona mbali, na mwaka 1959 alijifunga mabao mawili katika mchezo mmoja, nahodha akamwambia asikanyage tena uwanjani, naye hakununa, akaanza kuzunguka nje ya mistari peke yake, mizunguko ishirini kila jioni, wenzake wakimcheka mpaka mbavu ziwaume. Wachezaji wale karibu wote waliota vitambi kabla ya miaka arobaini, mimi nikiwa mmojawapo, kitambi chenyewe hiki hapa.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne, nyumba hadi nyumba, akiinama kufunua kifuniko cha chuma, akifuta matope kwenye kioo, akiandika tarakimu daftarini, akinyanyuka, akienda kwa jirani, na mwaka 1981 alipopewa baiskeli ya ofisi aliirudisha baada ya wiki moja, akisema inampitisha watu bila kuwasalimu. Alistaafu tarehe 30 Juni 2002, na kesho yake asubuhi tulimkuta njiani kuelekea tangi la maji la mlimani, hana mita ya kusoma, anatembea tu, na akirudi alipasua kuni, akapalilia bustani, akaruka kamba uani pamoja na wajukuu, mzee mzima, wala haoni aibu.

Tarehe 24 Agosti 1974 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, aliyekuwa mwenzake wa matembezi ya jioni, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kwanza niliyopewa ilisema tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Shemeji yangu aliichana juzi sebuleni mbele ya wanawe, akasema mume wake hatazikwa na uongo, na kijana wake mkubwa akakaa chini, akaandika upya yanayofuata, akaomba lisiachwe hata moja, nami nayasema kwa mdomo wangu.

Tarehe 9 Februari 2016 marehemu alijikwaa kwenye ngazi za tangi, akateguka kifundo cha mguu, daktari akamfunga bandeji na kuandika kwamba apumzike wiki mbili, kisha aanze kutembea taratibu. Wanawe, kwa mapenzi, narudia, kwa mapenzi, walifanya kikao wakaona baba amehangaika vya kutosha, na watu watawasema wakimwacha atangetange na mkongojo, wakamnunulia kiti kikubwa cha kuegemea, wakamweka mbele ya televisheni, wakaajiri dada wa kumletea hata maji ya kunywa, wakapandisha viatu vyake juu ya kabati na kutia kufuli getini, na zile wiki mbili zikawa miaka mitatu na miezi minane. Hakuna aliyerudi kwa daktari kuuliza. Kila asubuhi aliomba viatu vyake, kwa adabu, kama mgeni nyumbani kwake, na kila asubuhi aliambiwa kesho, baba, na mimi mdogo wake nilipokwenda kumjulia hali nilimwambia ale raha, kazi ameshafanya. Mwaka wa kwanza alikwenda na kurudi koridoni akishika ukuta, hadi rangi ikachubuka usawa wa kiganja, mwaka wa pili ikabidi ashikwe, mwaka wa tatu mapaja yale yakabaki ngozi na mfupa, mgongo ukatoka vidonda, na mwisho akaacha kuomba viatu, nasi, Mungu atusamehe, tukadhani amezoea.

Tarehe 12 Oktoba 2019 alilazwa hospitalini, damu ilikuwa imeganda mguuni na kupanda mapafuni, na daktari alipouliza mgonjwa aliacha kutembea lini, mama wa watoto ndiye aliyejibu. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72. Viatu viliteremshwa ili avishwe, vikapigwa rangi, lakini havikuingia, miguu ilikuwa imevimba mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tano, majirani mliobeba viti na kupika, na nyinyi wa idara ya maji mliokuja na daftari lake la mwisho, asanteni sana.

Kuna tangazo moja. Jana mchana nilisikia kwa masikio yangu wanawe wakisema mama naye sasa apumzike, cherehani itolewe, ahamie kwa binti yake akae tu. Shemeji yangu amekataa mbele ya wote, na ameniagiza niwaambie kwamba makaburini ni kilomita mbili, gari la familia litangulie bila yeye, atakwenda kwa miguu yake nyuma ya jeneza, polepole, na yeyote asimshike mkono mpaka autake mwenyewe. Kijana wake mkubwa ameniambia nitangaze kwamba amekubali.

Lala kwa amani, kaka, na utusamehe sisi tuliokulaza kabla ya wakati wako.